Tasnifu na kamusi zetu zahitaji historia iliyoandikwa

Kila mwaka, msimu wa kuwasilisha tasnifu uwadiapo, wanafunzi huniletea faili zenye majina ambayo mwanaisimu hana budi kuyatazama kwa jicho la taaluma yake: "tasnifu ya mwisho", "tasnifu ya mwisho kabisa", "tasnifu ya mwisho kabisa iliyosahihishwa", na wiki inayofuata, "tasnifu ya mwisho mpya". Neno "mwisho" limekwisha kupoteza maana. Nimuulizapo mwanafunzi kwa nini fasili ya istilahi fulani iliyokuwamo katika sura ya pili mwezi Machi haimo tena mwezi Juni, hunitazama kana kwamba nimemuuliza habari za ukoo wa jirani yake. Aliifuta. Hakumbuki lini, wala hakumbuki sababu.

Wengi huliona jambo hili kuwa uzembe mdogo wa vijana. Mimi naliona kuwa kasoro katika desturi zetu za usomi, na mizizi yake ni mirefu. Tutwae mashairi ya Muyaka wa Mombasa. Yalikusanywa mwishoni mwa karne ya 19 na Mwalimu Sikujua pamoja na mmishonari William Taylor. William Hichens akayachapisha mwaka 1940, naye Mohamed Abdulaziz akayachapisha upya na kuyafafanua mwaka 1979. Kati ya kinywa cha mshairi na ukurasa tuusomao imepita mikono kadhaa, na yalihamishwa pia kutoka hati za Kiarabu hadi hati za Kirumi. Msomaji akutanapo na neno linalomtatiza hulazimika kujiuliza: je, neno hili ni la Muyaka, la Sikujua, la Taylor au la Hichens? Au tuitwae Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI. Ilitoka mwaka 1981, na toleo lake la pili likatoka mwaka 2004. Mtu akiyaweka matoleo hayo bega kwa bega ataona kilichoongezwa na kilichoondolewa. Asichoweza kukiona ni nani aliyependekeza badiliko, siku gani, na kwa hoja ipi.

Wapo wenzetu wa taaluma nyingine waliokumbana na taabu iyo hiyo wakaitafutia dawa, nao ni waandaa programu za tarakilishi. Programu nayo ni matini. Huandikwa, hufutwa, husahihishwa, na aghalabu huandikwa na watu wengi kwa pamoja. Mwaka 1972 Marc Rochkind wa maabara ya Bell, Marekani, aliunda mfumo wa kuhifadhi kila badiliko katika matini ya programu. Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue akautoa mwingine mwaka 1982. La kuwavutia walimu zaidi ni kisa cha Dick Grune, mhadhiri wa Amsterdam, ambaye mfumo wake uliotoka mwaka 1986 ulizaliwa kwa sababu yeye na wanafunzi wake wawili walikuwa wakiandika programu moja ilhali saa zao za kazi hazikuoana. Mwalimu na wanafunzi wawili, matini moja, ratiba tatu! Ni nani miongoni mwetu asiyeijua hali hiyo?

Mfumo utumiwao zaidi leo ni Git, na asili yake yafaa kusimuliwa kwa utuo kwa kuwa ina funzo kwetu. Linus Torvalds, mzaliwa wa Ufini, alianzisha Linux mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki. Ndiyo iliyomo ndani ya simu za Android tunazotembea nazo mifukoni. Linux ni programu huria, yaani mtu yeyote aweza kuisoma, kuibadilisha na kuigawa. Tangu mwaka 2002, hata hivyo, historia ya mabadiliko yake ilitunzwa kwa BitKeeper, programu isiyokuwa huria wakati huo. Kampuni iliyoimiliki iliwaruhusu waandaa programu huria kuitumia bila malipo, kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba anayeitumia asishiriki kuunda programu ya kushindana nayo.

Mwaka 2005 Andrew Tridgell wa Australia, ambaye hakuwa ameyakubali masharti hayo, alianza kuandika programu huria ya kuzungumza na seva za BitKeeper. Kampuni ilikasirika na ikaondoa ruhusa yake. (Baadaye Tridgell aliwaonyesha watu hadharani jinsi alivyoanza: aliunganisha tarakilishi yake na seva, akaandika neno la kuomba msaada, nayo seva ikamwandikia orodha ya amri zake zote. Kuuliza si ujinga, hata kwa mashine.) Maelfu ya watu waliozoea chombo cha hisani wakajikuta hawanacho, kwa uamuzi ambao hawakuwa na kauli ndani yake. Torvalds akaanza kuandika Git tarehe 3 Aprili 2005. Tarehe 7 mwezi huo Git ilikuwa tayari yaihifadhi historia yake yenyewe. Juni ikatumiwa kulitoa toleo jipya la Linux. Mwezi Julai alimkabidhi Junio Hamano uangalizi wa Git, naye ndiye aliyeendelea kuitunza. BitKeeper yenyewe ilifanywa huria mwaka 2016, dunia ikiwa imekwisha kuhama.

Je, chombo hiki hufanya nini? Mwandishi afikapo mahali anapoona kuwa kazi yake yafaa kuwekwa, huiamuru Git ichukue picha ya faili zote. Kutokana na yaliyomo, Git hukokotoa alama ya tarakimu na herufi 40, mithili ya alama ya kidole. Pamoja nayo huandika jina la mwandishi, saa, maelezo yake mwenyewe kuhusu sababu ya badiliko, na alama ya picha iliyotangulia. Kwa hivyo, mtu akibadilisha herufi moja tu katika picha ya mwaka jana, alama yake hubadilika, na alama za picha zote zilizofuata hubadilika pia. Wasomi wa pwani watakumbuka isnadi, ule mnyororo wa wapokezi ambao pasipo nao hadithi haikubaliwi. Tofauti ni kwamba isnadi hutegemea uadilifu wa wapokezi, ilhali mnyororo wa Git hutegemea hesabu. Nayo hesabu hiyo si kinga kamili: mwaka 2017 watafiti wa Amsterdam na wa Google waliweza kutengeneza faili mbili tofauti zenye alama moja, na ikabidi Git iimarishwe.

Sasa nifike kwenye jambo linaloninyima usingizi. Siku hizi programu za akili unde huweza kuandika sura nzima ya tasnifu kabla chai haijapoa. Walimu wameingiwa na shaka, na shaka hiyo huwaangukia wema na wabaya bila kubagua. Mwanafunzi aliyekesha mwaka mzima akikusanya methali za Wadigo aweza kuitwa mbele ya kamati kwa kuwa Kiswahili chake ni kizuri mno. Atajitetea kwa nini? Faili ya "mwisho kabisa" haina ushahidi wowote ndani yake. Lakini mwanafunzi mwenye picha mia tatu za kazi yake, zilizochukuliwa katika muda wa miezi kumi na minne, kila moja ikiwa na sababu yake, akionekana anapotea, anarudi nyuma, anafuta hoja dhaifu na kuisuka upya, huyo ana la kusema. Sisemi kuwa historia hiyo haiwezi kughushiwa. Jina na saa huandikwa na tarakilishi ya mwandishi mwenyewe, na mwenye hila aweza kuzibadilisha. Ndiyo maana idara haina budi kuwa na seva yake ambayo wanafunzi watapeleka nakala kila juma, ili kuwe na shahidi wa pili. Git ni ya bure chini ya leseni huria. Kinachotakikana ni tarakilishi moja ya wastani na mtu wa kuitunza.

Nasisitiza seva ya idara kwa sababu wanafunzi wengi hudhani kuwa Git ni ule mtandao mashuhuri wa GitHub. Git ni chombo. GitHub ni ghala la mtu. Ghala hilo lilinunuliwa na Microsoft mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5, na ingawa wengi hulitumia bila malipo, tumekwisha kuona mwaka 2005 mambo ya chombo cha hisani yalivyokwenda.

Faida nyingine huonekana pale watu wengi waandikapo pamoja. Mimi na wanafunzi wawili tunakusanya msamiati wa viungo vya mwili katika lahaja za pwani. Mmoja yuko Lamu, mwingine Mombasa, na mtandao wa intaneti huja na kuondoka upendavyo. Kwa Git kila mmoja ana historia nzima katika tarakilishi yake, hufanya kazi bila mtandao, kisha hubadilishana kazi na wenzake mawasiliano yarejeapo. Siku moja wa Lamu aliandika "ino" na wa Mombasa akaandika "jino", katika mstari uo huo. Git ilikataa kuamua. Iliyaweka maneno yote mawili, ikayatenga kwa alama, ikatungojea. Tulibishana siku mbili, tukakata shauri kwamba kila lahaja ipewe safu yake badala ya moja kuwa kidahizo na nyingine kuwa tanbihi. Uamuzi huo umehifadhiwa pamoja na hoja ya aliyeshindwa, ambayo hata leo naiona kuwa na nguvu. Wanaoikumbuka historia ya usanifishaji, tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokiteua Kiunguja na kukiacha Kimvita katika mji wake chenyewe, wataelewa kwa nini naithamini mashine inayokataa kuamua.

Haya yote yana gharama. Git hulinganisha matini mstari kwa mstari, kwa hivyo hufanya kazi vyema kwa faili za maandishi matupu, wala haiwezi kuonyesha vizuri mabadiliko ndani ya faili za Word ambazo karibu sote tunazitumia. Mwanafunzi hulazimika kujifunza namna nyingine ya kuandika. Fauka ya hayo, amri zake ni ngumu na jumbe zake za makosa humtisha hata mtu aliyezoea. Torvalds mwenyewe alifanya mzaha katika maelezo ya kwanza ya programu hiyo kuwa jina lake laweza kumaanisha kitu cha kipumbavu na cha kudharauliwa, kutegemea hisia za msemaji siku hiyo. Katika Kiingereza cha mitaani cha Uingereza neno hilo ni tusi. Yapo masaa ambapo nakubaliana na tafsiri hiyo.

Hapo ndipo sisi wa lugha tunapoweza kuwa wajenzi, tuache kuwa watumiaji tu. Tangu mwaka 2012 Git imeandaliwa ili jumbe zake ziweze kutafsiriwa, nazo zimetafsiriwa katika Kibulgaria, Kivietinamu, Kikatalani, Kiswidi na lugha nyingine. Kiswahili sijakiona miongoni mwazo. Haihitaji mtu awe fundi wa programu. Faili ya tafsiri ni orodha ya sentensi, juu ya Kiingereza, chini ya lugha yako. Wala si jambo geni kwetu, kwani mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwisha kuisawahilisha programu ya ofisi ya OpenOffice wakaiita Jambo. Anayechangia Git hutuma badiliko lake kwa barua inayosomwa na wote, akaeleza kwa nini badiliko lahitajika, akatia sahihi jina lake; na badiliko lililo sahihi laweza kurudishwa kwa sababu maelezo yake hayakutosha. Ningependa wanafunzi wangu wa uzamili wakaripiwe namna hiyo, tena hadharani.

Ugumu halisi umo katika istilahi. "Tawi" ni rahisi, na "mgongano" pia. Taabu ni lile tendo lenyewe la kuchukua picha na kuiandikia sababu, ambalo vijana huliita "komiti", nami kila nilisikiapo huona wazee wameketi kwenye viti vya kamati. "Hifadhi" haifai, kwa kuwa faili huhifadhiwa kila dakika bila kuandikiwa sababu yoyote. "Thibitisho" lanukia ofisi. Mimi naelekea kwenye "kituo", neno ambalo msafiri analijua, mwalimu wa uakifishaji analijua, na mshairi analijua kuwa mshororo wa mwisho wa ubeti. Mwanafunzi mmoja amenipinga, akasema kuwa raia akisikia "nenda kituoni" atafikiri ameshtakiwa. Muhula ujao darasa langu la istilahi litaanza na jumbe hamsini za kwanza, na neno hilo limo katika nyingi kati yazo. Mwalimu au mwanafunzi aliye na pendekezo lililo bora na aniandikie kupitia kwa mhariri, mradi aambatishe sababu.