MIFUGO YETU: Ng'ombe akizaa halafu ashindwe kusimama

Mwezi huu tulitaka kuandika juu ya kuku, lakini kuku wangoje kidogo.

Wengi mnamjua ng'ombe wa shangazi yetu, yule wa madoa mwenye damu ya Friesian. Ndiye anatulipia karo ya watoto watatu. Alizaa vizuri jioni, ndama akanyonya dang'a usiku ule ule. Asubuhi tukamkuta mama amelala, kichwa amekigeuzia ubavuni, masikio baridi kabisa. Tulimchapa fimbo asimame. Kosa letu, tunakubali.

Majirani wakajaa. Mzee mmoja akaleta chupa ya maji ya chumvi na mafuta, ati tumnyweshe kwa nguvu. Shangazi akasema, "Hapana baba, asante, tungoje muganga." Ni hapo alipomuokoa ng'ombe wake. Mnyama aliyelegea vile hamezi vizuri. Ukimmiminia kitu kinaingia mapafuni, na anaweza kufa kwa mapafu, si kwa ugonjwa aliokuwa nao.

Muganga wa mifugo alisema ni homa ya maziwa. Jina linadanganya, maana mwili hauchemki, unapoa. Maziwa yakianza kuja, kalsiamu inatoka kwenye damu upesi kuliko mwili unavyoweza kuirudisha, basi misuli inaishiwa nguvu. Huwapata zaidi ng'ombe wa maziwa mengi waliokwisha kuzaa mara kadhaa, na mara nyingi ni ndani ya siku 3 za kwanza.

Aliingiza kalsiamu kwenye mshipa wa shingo pole pole sana, huku anasikiliza moyo. Ikienda mbio, moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo chupa ile msijaribu wenyewe, hata kama mmeona mara kumi. Ng'ombe akatetemeka, akacheua hewa, akatoa mavi. Sisi tukapiga makofi, lakini kusimama bado.

Basi kazi ikawa yetu. Tulimkalisha kwa kifua, tukamwekea magunia ya majani pande zote mbili, maana akilala ubavu tumbo linajaa hewa. Kila baada ya saa 2 au 3 tulimgeuza, watu wanne, ili mguu wa chini usife kwa kulaliwa. Chini nyasi kavu nyingi, juu turubai. Siku 2 zile hatukumkamua mpaka tone la mwisho, tulimpunguzia tu.

Saa tatu usiku alisimama, akaanguka, akasimama tena. Shangazi alilia. Kesho yake akalegea upya (ugonjwa huu unapenda kurudi), muganga akaitwa mara ya pili. Deni la chupa ile ya pili bado tunalipa. Ndama ni jike, na anaruka.

Mwenye swali ampe mtoto karatasi ailete darasani. Kuku ni mwezi ujao.