NYAMA NGUMU HAITAKI MOTO MKALI, YATAKA MUDA

Bwana mmoja, karani wa ofisi mjini Nairobi na mkazi wa mtaa wa Komarock, alipita buchani jioni moja akanunua kilo moja ya muundi wa ng'ombe. Alichagua muundi kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu kuliko ya steki. Mkewe aliikatakata nyama ile, akaitia sufuriani, akafungua gesi mpaka mwisho. Kwa muda wa saa nzima nyama ilitokota kwa nguvu. Mchuzi ulikauka mara mbili, ukaongezwa maji mara mbili, na hata hivyo nyama ilikuwa ngumu kama mpira. Watoto walichovya ugali katika mchuzi, wakaiacha nyama pembeni ya sahani. Siku ya pili yake mtungi wa gesi ukaisha.

Bwana akaanza kumlaumu mwenye bucha, kwamba amemwuzia nyama ya ng'ombe mzee. Lakini mama yake mzazi, aliyekuwa amekuja kuwatembelea kutoka Machakos, alicheka akasema, "Mwanangu, mwenye bucha hana hatia. Nyama hii haikukosa moto, imekosa muda."

Maneno hayo ya mama mzee yafaa yafikiriwe na kila mwenye nyumba, kwa maana ndani yake mna akiba ya fedha na afya ya watoto pia.

Viungo vya ng'ombe vifanyavyo kazi nyingi, kama vile miguu, shingo na bega, vina utando mweupe na kano nyingi zinazoifunga nyama. Ndani ya utando huo mna kitu kiitwacho kolajeni. Kikipata joto la digrii 70 za sentigredi na zaidi, huanza kuyeyuka polepole, kwa saa mbili, tatu, au hata zaidi, kikageuka ute laini. Ute huo ndio unaofanya supu ya miguu igande ikipoa. Steki haina utando mwingi, na kwa hiyo huiva upesi. Lakini mchuzi wa muundi ulioiva vema huwa mzito na mtamu kuliko wa steki.

Moto mkali hauwezi kuiharakisha kazi hiyo. Maji yakisha kuchemka hayazidi joto hata moto ukiongezwa. Kinachoongezeka ni mvuke unaopotea hewani na fedha inayopotea pamoja nao. Tena mji wa Nairobi uko kiasi cha mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka yafikapo digrii 95 hivi, wala si 100 kama yachemkavyo Mombasa. Ndiyo sababu mpishi aliyezoea kupika pwani hushangaa kuona nyama na maharagwe vikichelewa kuiva Nairobi.

Upishi wa polepole si jambo geni katika nchi hizi. Katika bara, chungu cha mahindi na maharagwe kiliachwa juu ya mafiga muda mrefu, moto ukiwa mdogo. Huko pwani mpishi wa wali hupunguza moto wa chini na kupalia makaa juu ya kifuniko, ili wali uive kwa joto lake wenyewe. Huko Ulaya, sanduku la kupikia lililotoka Norwei lilionyeshwa katika Maonyesho ya Paris mwaka 1867. Sufuria iliyochemka iliwekwa ndani ya sanduku hilo lililozuia joto lisitoke, na chakula kikaendelea kuiva bila moto. Marekani nako, Irving Naxon alipata hati ya uvumbuzi wake wa chungu cha umeme cha kupika polepole mwaka 1940. Inasimuliwa kwamba aliwaza jambo hilo kwa kukumbuka habari za mama yake juu ya chakula cha Sabato cha Wayahudi, ambacho kiliachwa usiku kucha katika tanuri ya mwoka mikate. Mwaka 1971 kampuni ya Rival ilianza kuuza chungu cha namna hiyo kwa jina la Crock-Pot, na tangu hapo vyungu vya namna hiyo vimeenea duniani.

Basi mkazi wa Komarock ana njia mbili: chungu cha umeme, au jiko la kikapu.

Chungu cha umeme kina sufuria ya udongo mzito ndani, na kifuniko cha kioo. Kingi cha vyungu hivi hutumia umeme kidogo. Chenye wati 200, kikiwashwa saa 8, hutumia yuniti 1.6. Jiko la koili la wati 1,500, likiwaka kwa nguvu zote kwa saa 2 tu, hutumia yuniti 3. Atakaye kununua na asome kwanza wati zilizoandikwa chini ya chombo.

Hata hivyo kuna jambo moja la kuangaliwa. Mtu wa Komarock aendaye kazini mjini huenda akatoka nyumbani saa kumi na moja za alfajiri, na kurudi saa moja ya jioni. Hizo ni saa 14, na nyama hutaka 8 tu kwa moto wa chini. Afadhali apike usiku. Chungu kikiwashwa saa tatu za usiku, nyama huwa tayari saa kumi na moja za alfajiri. Igawanywe katika vyombo vipana, ipoe upesi, iingie katika friji kabla ya saa mbili kupita. Jioni ichemshwe tena hasa, si kupashwa vuguvugu.

Matayarisho yake ni haya. Kilo moja ya muundi, shingo au bega ikatwe vipande vikubwa, ikaushwe maji kwa kitambaa safi, ikaangwe katika mafuta moto mpaka igeuke rangi ya kahawia pande zote. Kazi hii isirukwe, maana chungu cha polepole hakiwezi kuleta ladha hiyo chenyewe. Katika mafuta yale yale vikaangwe vitunguu maji 2, kitunguu saumu na tangawizi, kisha nyanya 3 mpaka ziwe rojo. Viazi 4 na karoti 2 vitangulie chini ya chungu, kwa kuwa katika chombo hiki mboga za mizizi huchelewa kuiva kuliko nyama. Nyama na rojo vije juu. Maji vikombe viwili yatosha, kwa sababu mvuke haupotei. Chungu kisijazwe zaidi ya theluthi mbili. Kifuniko kisifunuliwe kwa uchu wa kuonja, maana kila kifunuliwapo joto hutoroka na saa ya kula husogea mbele. Dania itiwe mwishoni.

Asiye na chungu cha umeme asikate tamaa. Achukue kikapu kikubwa, akitandike ndani kwa blanketi kuukuu au vitambaa vilivyoshonwa na kujazwa pamba, na atengeneze mto mnene wa kufunikia juu. Nyama iliyokaangwa kama ilivyoelezwa itiwe maji, ichemke kwa nguvu dakika 20 sufuria ikiwa imefunikwa, kisha ihamishiwe kikapuni mara moja, bila kufunuliwa. Sufuria iwe imejaa karibu, maana chakula kidogo hupoa upesi. Jumapili, sufuria iliyoingia kikapuni saa tatu za asubuhi hutolewa saa nane za mchana, ikachemshwa tena kidogo kabla ya kupakuliwa. Watu wa nyumba hiyo wanaweza kwenda kanisani wote bila kumwacha mtu wa kulinda moto.

Njia hizi zote mbili zina hatari zake, na hapana budi zitajwe waziwazi.

Kwanza, chakula kisikae vuguvugu. Chini ya digrii 60 vijidudu vya maradhi huzaana upesi. Kwa hiyo nyama iliyoganda kwa barafu isitiwe katika chungu mpaka iyeyuke kabisa. Na stima ikipotea usiku bila kujulikana imepotea kwa saa ngapi, chakula hicho kitupwe, ijapokuwa moyo unauma.

Pili, maharagwe mekundu yasitiwe yakiwa mabichi. Yana sumu ambayo joto dogo haliiondoi, na huweza hata kuizidisha. Machache tu yasiyoiva humtapisha mtu vibaya na kumharisha. Yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, kisha yachemshwe katika maji mapya kwa nguvu dakika 30; ndipo yaingie katika chungu au kikapu.

Tatu, na hili ni kubwa kuliko yote: mtu asidhani kwamba kupika polepole ni kuacha jiko la makaa likiwaka ndani usiku, milango na madirisha yakiwa yamefungwa. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini. Katika miezi ya baridi, tangu Juni hata Agosti, ndipo watu wanapovutwa na joto la jiko chumbani, na ndipo misiba ya namna hiyo hutokea. Jiko la makaa likaliwe nje, na likizimwa lizimwe kabisa. Kikapu hakina moto ndani yake, na hiyo ndiyo sifa yake iliyo bora.

Yule bwana wa Komarock hakununua chungu cha umeme. Mama yake alikaa wiki moja zaidi, akawashonea mto wa kikapu kwa blanketi walilokuwa wakitaka kulitupa. Jumapili iliyofuata waliporudi kutoka kanisani, mke wa bwana alifunua sufuria, na mfupa wa muundi ukachomoka wenyewe kutoka katika nyama. Safari hii hakuna kilichobaki pembeni ya sahani. Mtungi mpya wa gesi uliponunuliwa, mke huyo aliandika tarehe ubavuni mwake kwa kalamu ya wino mzito, apate kujua kwa hesabu, wala si kwa kukisia, utadumu siku ngapi.