Namba ya Nani Imeandikwa kwa Shamba la Dani?

Wewe unayeishi Pipeline, Umoja au Rongai, hebu nikuulize. Lile gunia la mahindi unalotumiwa kwa basi kutoka Migori au Homa Bay, unajua mbolea yake ilitoka wapi?

Mimi sikujua. Dani yangu analima ekari moja ya mahindi huko Ndhiwa, na karo yangu ilikuwa inatoka hapo. Msimu mmoja mahindi yaligeuka manjano na kudumaa. Karo ikakosekana, nikaacha chuo. Nilidhani ni mvua tu. Kumbe dani alipanda bila mbolea, na ile ya ruzuku ilikuwepo! Aliyesajiliwa alikuwa babu, na babu alikuwa ameshafariki. Ujumbe kama ulitumwa, ulienda kwa laini iliyozimwa.

Sisemi mpango wenyewe ni mbaya. Septemba 2022 serikali ilishusha bei ya mfuko wa kilo 50 kutoka Sh6,500 hadi Sh3,500. Agosti 2023 ikashushwa tena hadi Sh2,500. Ukilinganisha na ile bei ya kwanza, mkulima anayenunua mifuko miwili, mmoja wa kupandia na mwingine wa kukuzia, anaokoa Sh8,000. Hiyo si pesa ya kuchezea.

Shida iko kwa njia inayopitia. Machifu na manaibu wao walisajili wakulima: kitambulisho, namba ya simu, ukubwa wa shamba, aina ya mmea. Msimu ukifika, SMS inakuambia una mifuko mingapi na uichukue wapi. Unalipa, halafu unaenda kwa ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao (NCPB) au kituo kingine kilichochaguliwa. Sasa kama simu si yako, unaanzia wapi?

Na tuambiane ukweli. Huku kwetu shamba huwa kwa jina la mzee, lakini anayeamka alfajiri kupalilia ni mama au dani. Mzee akifariki, au akihamia mjini na simu yake, ruzuku inamfuata yeye, jembe linabaki na mama. Hata SMS ikifika, bado atafute pesa za mfuko na za bodaboda ya kuubeba kutoka ghalani. Ukitoka ndani kabisa Nyatike au Mbita, nauli inaanza kula ile nafuu.

Mwaka 2024 tulipiga kelele mitandaoni kuhusu mbolea feki, mpaka wabunge wakapiga kura kumng'oa Waziri wa Kilimo Mithika Linturi, ingawa baadaye kamati ilimwondolea lawama. Kelele hiyo ilifaa. Lakini tuliuliza kilicho ndani ya mfuko tu. Nani aliuchukua, hatukuuliza.

Sasa tuulize. Katiba ya 2010 ilipeleka kilimo kwa kaunti, lakini ruzuku hii inaendeshwa na serikali ya kitaifa, kwa hivyo ni rahisi kila upande kumsukumia mwenzake lawama. Kifungu cha 35 cha katiba hiyo hiyo kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kama majina ya basari yanaweza kubandikwa ukutani, ya waliopata mbolea pia yasomwe kwa baraza la chifu, kijiji kwa kijiji, bila namba za simu wala vitambulisho. Majirani wanajua nani analima na nani alifariki. Mashine haijui.

Dani alibadilishiwa namba baada ya kurudi ofisini mara tatu. Mara ya tatu tulienda pamoja, na ikachukua dakika chache tu. Hiyo ndiyo iliniuma: miaka yote hiyo niko Nairobi na simu mkononi, sikuwahi kumuuliza.

Basi usingoje kama mimi. Mpigie leo, kabla msimu haujaanza. Muulize kama amesajiliwa, kwa jina la nani, na kwa namba gani. Akikosa jibu, Desemba ukienda ocha, mpeleke kwa naibu wa chifu kabla hujaanza kupiga picha na ng'ombe.