Nyutro Haiokoi Mafuta

Kwenye vijiwe vya madereva wa Mikumi, pale malori ya Zambia na Kongo yanapopumzika kabla ya kuingia hifadhini, kuna imani ambayo miaka yote hii haijachoka: ukifika mteremkoni weka nyutro, gari litaserereka lenyewe na mafuta yatabaki kwenye tangi. Dereva humfundisha utingo wake, mwenye IST aliyenunua gari juzi huisikia kwa shemeji yake, na Kilosa mjini husemwa kwa uhakika ule ule wa Ruaha Mbuyuni. Imani hiyo ni ya uongo. Kwenye milima ya Iyovi, kati ya Mikumi na Mbuyuni, ni uongo unaoua.

Haikuzuka hivihivi. Gari la petroli la zamani lilikuwa na kabureta, na kabureta haina akili ya kukata mafuta. Hewa inayovutwa na pistoni ndiyo inayofyonza petroli, kwa hiyo injini ikizungushwa kwa nguvu na magurudumu mteremkoni, iliendelea kunywa hata kama dereva ameondoa mguu. Aliyeweka nyutro wakati huo alikuwa na hoja. Lakini tangu mwaka 1967, Bosch ilipoanza kuuza mfumo wake wa D-Jetronic kwenye Volkswagen 1600, kabureta imekuwa ikiondoka. IST, Raum na Noah zinazopita Mikumi leo zinatumia nozeli zinazoongozwa na kompyuta, na hapo hesabu imegeuka kabisa.

Nozeli ya petroli ni vali ndogo ya umeme. Pampu iliyo ndani ya tangi inasukuma petroli mpaka kwenye bomba la nozeli kwa mgandamizo wa bar 3 hivi. Kompyuta inasoma sensa: hewa inayoingia ni kiasi gani, injini inazunguka kwa kasi gani, maji yana joto gani, mguu umekanyaga kwa kina gani. Ikishapiga hesabu, inaruhusu umeme ufike kwenye nozeli kwa milisekunde chache tu. Sindano inanyanyuka, petroli inapulizwa kama ukungu. Umeme ukikatika, springi inairudisha sindano na tundu linaziba.

Sasa gari lipo kwenye gia, linashuka, na dereva ameondoa mguu wote kwenye mafuta. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Kompyuta inaona mzunguko uko juu na hakuna anayeomba nguvu, basi inazinyima nozeli umeme. Hakuna tone linaloingia kwenye silinda. Mzunguko ukishuka karibu na ule wa gari lililosimama, ambao mafundi huuita sailensa, ndipo nozeli hufunguliwa tena ili injini isizime. Aliyeweka nyutro amekata uhusiano wa magurudumu na injini, na injini hiyo sasa inalazimika kuchoma mafuta ili iendelee kuunguruma.

Anayebisha aende kwa fundi mwenye mashine ya kupimia gari, aichomeke chini ya usukani, kisha fundi asome takwimu gari likiwa linashuka. Kwenye nyutro, muda wa nozeli kufunguka utaonekana kama milisekunde 2 au 3. Kwenye gia, mguu ukiwa juu, magari mengi yataonyesha sifuri.

Wenye malori husema hayo ni mambo ya gari ndogo. Hapana. Injini ya dizeli ilikuwa na nidhamu hii kabla ya kompyuta kuwapo: pampu ya nozeli ya zamani ina gavana, na mguu ukiondolewa huku injini ikizungushwa na mteremko, gavana huivuta pampu mpaka mafuta yanakoma. Malori mapya yenye nozeli za kompyuta, zinazopuliza dizeli kwa mgandamizo unaopita bar 1,600, yanafanya hivyo kwa umakini zaidi. Injini kubwa ya lori ikiwa sailensa hula kama lita 2 hadi 3 kwa saa. Dakika kumi za kuserereka na nyutro zinaweza kuteketeza nusu lita, kwa jina la kubana matumizi.

Ipo hoja moja ya upande wa pili inayostahili heshima. Kwenye mteremko mdogo sana, gia hulizuia gari mpaka dereva alazimike kukanyaga mafuta tena, na hapo nyutro inaweza kusaidia kidogo. Scania wana mfumo wa Ecoroll unaofanya jambo hilo. Lakini kompyuta ndiyo inayopima mteremko, na mwendo ukizidi inarudisha gia yenyewe. Dereva aliyetoa gia kwa mkono mlimani hana msaada huo. Akitaka kuirudisha mwendo ukiwa umekwisha kuwa mkali, gia inagoma kuingia, na breki za magurudumu zinabaki peke yake.

Mzigo wa breki hizo si mdogo. Lori la tani 50 likishuka kimo cha mita 300 linatoa nguvu inayotosha kuchemsha zaidi ya lita 400 za maji. Sehemu kubwa ya nguvu hiyo inapaswa kumezwa na injini na egzosti breki. Kwenye nyutro inaishia kwenye ngoma za breki. Zikishachemka, breki hazishiki tena, hata dereva akanyage mpaka chini. Anayezima injini kabisa, na wapo, anapoteza pia msaada wa usukani, na mtambo wa kujaza upepo wa breki unasimama.

Lawama si za dereva peke yake. Wamiliki wanaompimia mafuta ya safari kwa kubana mno, kisha wanafumba macho anapobakiza ya kuuza, ndio wanaoilisha imani hii. VETA na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji wafundishe kwa mashine ya kupimia jinsi mafuta yanavyokatwa mteremkoni, mwanafunzi aione sifuri kwa macho yake. Wamiliki nao wawaambie madereva wao waziwazi: miteremko ya Kitonga na Iyovi ishukwe kwa gia nzito, iliyoingizwa kabla mteremko haujaanza.