"Kila Mtu na Macho Yake": Hii Ndiyo Biashara ya Muislamu?

Ndugu wazazi, nanyi wanafunzi wetu,

Wauza vipuri vya baiskeli hapa Buyenzi wana neno lao: "Sokoni kila mtu na macho yake." Kijana analeta baiskeli kuukuu iliyotoka Ulaya, nyuma ina vigurudumu sita vya meno, gia haziingii. Anauziwa liva mpya ya hatua tisa, zile zinazolia "tak" kwa kila gia, na anaapiwa kabisa: "Wallahi inakubali baiskeli zote." Haikubali! Liva ya tak huvuta waya kwa kipimo kilichopangwa. Kisipolingana na nafasi za meno ya nyuma, cheni itakwaruza na kuruka.

Na muuzaji anajua. Hapo ndipo ugomvi wangu. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika lundo la nafaka akakuta chini kumelowa, hakumlaumu mnunuzi kwa kukosa macho. Alimuuliza mwenye mali kwa nini hakuiweka juu iliyolowa ili watu waione. Mafakihi nao wamempa mnunuzi khiyari ya kurudisha kitu chenye aibu iliyofichwa. Kibao cha "mali ikiuzwa hairudi" hakimsafishi aliyeijua aibu akanyamaza.

Nanyi akina baba msicheke. Mnatoa pesa ya madaftari kununua seti nzima kwa ajili ya jina lililoandikwa juu yake! Kwanza badilisheni waya, maana wenye kutu huifanya liva nzima ionekane mbovu. (Msikubali waya wa breki: ule ni mnene, kama milimita 1.6, wa gia ni 1.2 hivi.) Liva ya tak iliyokwama mara nyingi imegandiwa na grisi ya zamani. Isafisheni kwa mafuta ya taa, ichezesheni mpaka ilegee, kisha mafuta mepesi kidogo.

Ikishindikana, tafuteni ile ya kusukuma tu, isiyo na tak. Haina hatua, kwa hiyo haijali meno ni sita au nane. Mkono huizoea kwa siku chache. Hata waendesha mashindano walitumia hizo kabla ya Shimano kueneza za tak katikati ya miaka ya 1980.

Na kabla ya kulipa, mwombeni muuzaji liva ifungwe na kujaribiwa pale pale barazani. Akikataa, vukeni barabara mwende duka jingine, hata kama yeye ni wa safu ya mbele msikitini.