Hati ya mzigo si leseni ya mwenye mzigo

Itakumbukwa kuwa Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010. Ibara yake ya 13 inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kufungua biashara katika nchi nyingine ya jumuiya. Wengi wetu, hasa sisi tuliorejea Rwanda tukiwa na Kiswahili mdomoni na jamaa ng'ambo ya Rusumo, tulielewa kwamba mpaka umekwisha. Haukwisha.

Chukua mfano wa mama wa Kirehe anayenunua mahindi Ngara. Mzigo wake usipozidi dola 2,000, anapewa mpakani cheti cha uasili kilichorahisishwa na hatozwi ushuru wa forodha. Vizuri sana. Lakini cheti hicho ni cha mahindi, si cha mama. Akitaka kufungua biashara Ngara, usajili alioupata RDB bure haumsaidii kitu. Ataanza upya BRELA, kisha namba ya mlipakodi TRA, leseni, na kibali cha ukaazi. Hata hapa kwetu patente hulipwa kwa kila tawi, sembuse ng'ambo.

Kisha Julai 2025 Tanzania ikatoa amri ya kuwakataza wasio raia biashara 15, zikiwamo rejareja, kutengeneza simu na kununua mazao shambani. Faini haipungui shilingi milioni 10. Sipingi nchi kuwalinda wachuuzi wake; nasi tungelalamika. Ninachopinga ni jirani wa jumuiya kuwekwa fungu moja na mtu aliyeshuka ndege kutoka mabara mengine.

Wapo wanaoshauriana kutumia leseni ya shemeji. Ndugu zangu, msithubutu. Amri hiyo inamwadhibu pia raia anayemsaidia mgeni, kwa faini ya milioni 5 au jela miezi mitatu. Na mkigombana, duka lililoandikwa kwa jina la shemeji ni la shemeji.

Mawaziri wetu waliweza kukubaliana kuhusu mzigo mdogo. Wakubaliane pia kuhusu mfanyabiashara mdogo: asajiliwe mara moja, atambulike pande zote mbili. Kwa sasa, kituo cha pamoja cha Rusumo kilichozinduliwa 2016 kibandike ukutani, kwa Kiswahili, orodha ya leseni zinazotakiwa, ada zake na biashara zilizokatazwa, ili mama wa Kirehe asome kabla hajavuka na fedha zake.