Kijana wa majani chai na ndege wa bahari

Mpenzi msomaji, ikiwa umelelewa Kapkatet kama mimi, ndege wa maji unaowafahamu ni bata wa jirani na yule korongo anayevizia vyura kando ya kijito. Bahari iko mbali, karibu kilomita 700 hadi Mombasa, na wengi wetu tuliiona kwanza kwenye kalenda iliyotundikwa dukani.

Ndiyo sababu likizo moja ya Agosti nilimchukua mpwa wangu, mwanafunzi wa shule ya upili, nikamtoa katika majani chai hadi Watamu. Nilitaka aone ndege wa bahari wakiwa kwao, yaani majini.

Nakuonya mapema: Agosti ni msimu wa kusi na bahari huchafuka. Tulipokaribia mwamba ambako mawimbi huvunjika, kijana alitapika chai yote ya asubuhi. Nahodha, mzee wa makamo aliyevaa kikoi, alimwambia akae katikati ya mashua na kukazia macho kule mbingu na maji vinapokutana. Dawa hiyo ilifaa. Mimi niliyejifanya shujaa nilitapika baadaye.

Kisha tukawaona. Mbele yetu kundi la ndege weupe lilikuwa likizunguka mahali pamoja na kujitupa majini kama mawe. Ni jamaa ya shakwe, ila wembamba zaidi, na mkia wao una panda kama wa mbayuwayu. Nahodha akatueleza kwamba chini yao kuna jodari. Jodari huwafukuza vidagaa hadi juu, ndege nao huwadaka kutoka juu. Mvuvi akiona wingu la ndege namna hiyo, huelekeza mashua huko.

Karibu na mlango wa hori ya Mida kuna kisiwa kidogo cha mawe ambacho ramani hukiita Whale Island, kwa kuwa kwa mbali kinafanana na mgongo wa nyangumi. Hapo ndipo baadhi ya ndege hawa hutaga wakati wa kusi. Wamo wale ambao kifua chao huwa na wekundu hafifu, kama maziwa yaliyodondokewa na tone la damu. Hawajengi kiota cha maana. Yai huwekwa juu ya jiwe, basi. Tuliwasikia kabla ya kukifikia kisiwa, kelele kama za soko.

Sasa, msomaji, nikwambie jambo la aibu. Nilichomoa noti ya mia tano nikamwambia nahodha, "Mzee, tushushe dakika tano tu. Kijana achukue yai moja akawaonyeshe wenzake shuleni."

"Weka pesa yako, bwana," akajibu bila kugeuka. "Ukikanyaga pale, wote wanaruka. Yai linabaki juani, na jiwe lile saa sita linaunguza nyayo. Na kunguru wanangoja nafasi hiyo hiyo. Ndege hawa wakihama, jodari nitawatafutaje?"

Nilirudisha noti mfukoni. Mpwa wangu alijifanya anatazama mawimbi. Baadaye nilikumbuka kwamba Watamu ni hifadhi ya bahari tangu 1968, na kuokota yai pale ni kosa la kisheria. Mimi, mwandishi wa gazeti, nilihitaji kukumbushwa na mtu ambaye riziki yake ya siku ile ilikuwa mkononi mwangu!

Tulizima mashine tukakaa mbali kidogo, karibu saa nzima. Darubini moja tulipokezana. Kijana aliona mzazi akishuka na samaki mdomoni, akapita katikati ya mamia ya ndege na kwenda moja kwa moja kwa kinda wake. Aliniuliza mara tatu amemjuaje. Nilimwambia kwamba wazazi na makinda hutambuana kwa sauti, naye akanyamaza akisikiliza zile kelele upya.

Wako wengine ambao hukuwaona siku hiyo hata ukitoka alfajiri. Huko Fungu Kizimkazi, kisiwa kilicho peke yake mbali na pwani ya Tanzania, hutaga shakwe weusi mgongoni ambao kinda wake akishaondoka hukaa angani miaka kadhaa kabla ya kurudi nchi kavu kutaga. Manyoya yake hulowa upesi, hivyo hawezi kuelea majini kwa muda mrefu.

Tuliporudi Kapkatet, nyanya yake alisikiliza hadithi yote huku akimimina mursik. Swali lake lilikuwa moja tu: "Hao ndege wanakunywa nini, na maji yote yale ni chumvi?"

Kijana alikuwa na jibu. Wanakunywa maji hayo hayo. Juu ya macho wana tezi zinazochuja chumvi, nayo hutoka puani ikadondoka kwenye ncha ya mdomo.

"Kama mtoto mwenye mafua," alisema nyanya, na akacheka hadi akaweka kibuyu chini.